Msomi wa Nyumba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Muhsina alifagia uwanja, akachota maji kisimani, kisha akampakata mdogo wake Tofiki na kumnywesha uji. Mama yao, Asiya, wakati huo alikuwa amekwisha kaa barazani, miguu ameinyoosha, anashona makuti. Makuti yaliyokuwa tayari yalipangwa ukutani, rundo juu ya rundo, yakingoja wanunuzi.

Wanunuzi hawakuja. Zamani hoteli za Diani ziliagiza makuti hadi washonaji wakazidiwa na kazi. Lakini mwaka ule wa 1998 hoteli nyingi zilikuwa zimefunga milango. Fujo za mwaka uliotangulia, watu wa bara waliposhambuliwa, ziliwafukuza wageni, na mvua kubwa zilizofuata zilibomoa madaraja, zikachafua visima na kuacha madimbwi kila upande. Mbu wakazaliana kwa furaha, kana kwamba wao ndio walioombewa dua. Katika kijiji cha Chidzumbani, kando ya barabara iendayo Msambweni, hapakuwa na nyumba isiyokuwa na mgonjwa wa homa.

Baba yao, Suleiman, alikuwa akiwapeleka watalii kisiwani Wasini kwa mashua ya tajiri mmoja. Watalii walipokatika, tajiri aliiuza mashua, naye Suleiman akaenda Vanga kutafuta kibarua cha kubeba mizigo. Aliporudi nyumbani, mara moja moja, alirudi na mchele wa siku mbili na uso uliochoka.

Hata hivyo, nyumba ile ilikuwa na fahari moja, na fahari hiyo ilikuwa Muhsina. Katika ukoo wao hakuna mwanamke aliyewahi kufika darasa la sita. Asiya mwenyewe hakujua hata kuandika jina lake. Jirani alipopita na kumwamkia, hakukosa kusema, "Alhamdulillahi, sisi ni maskini, lakini mwanangu anasoma. Huyu ndiye msomi wa nyumba yangu."

Kila aliposikia maneno hayo Muhsina aliinamisha kichwa. Watu walidhani ni haya za mtoto mwenye adabu. Kumbe Muhsina hakujua kusoma.

Ilikuwaje mtoto afike darasa la sita bila kujua kusoma? Alipokuwa darasa la kwanza na la pili, mama yake aliugua muda mrefu, naye akawa haendi shule ila kwa kubahatisha. Aliporudi, wenzake walikuwa wamekwisha kuzishika herufi, na darasa lilikuwa na watoto wengi kuliko madawati. Kitabu kimoja kilisomwa na watoto watano. Muhsina alikuwa na masikio makali na kichwa chepesi cha kuhifadhi. Hata chuoni, alikosoma Kurani, maalim alimsifu kwa jinsi alivyoshika aya upesi. Basi shuleni alimsikiliza mwenzake akisoma, akalimeza somo lote, na zamu yake ilipofika akalitoa lilivyo, macho yakiwa kitabuni na kidole kikitembea juu ya mistari asiyoijua. Ubaoni alinakili herufi kama mtu anakilivyo mapambo ya leso. Hesabu alizimudu, kwa sababu tarakimu alizijua. Mwaka baada ya mwaka alipita, na mwaka baada ya mwaka hofu yake ilikua.

Muhula wa pili ulipoanza, shule ilipata mgeni. Jina lake lilikuwa Bi Kanyiva. Hakuwa mwalimu. Alitumwa na kikundi kimoja cha huduma kwa jamii cha huko Ukunda, ambacho kiliwapeleka watu shuleni kwa saa chache za alasiri wawasaidie wanafunzi waliobaki nyuma. Asubuhi Bi Kanyiva alilima shamba lake la muhogo na kunde. Alasiri ya Jumatatu na Jumatano alikuja shuleni kwa miguu, vumbi likiwa limempanda hadi magotini.

Alikuwa Mkamba. Mumewe, Kimanzi, alikuwa mlinzi katika hoteli ya Diani hadi hoteli hiyo ilipofungwa, akarudi kwao Kitui. Majirani zake wa bara nao waliondoka mmoja mmoja baada ya zile fujo. Bi Kanyiva alibaki. Watu wa Chidzumbani walimwitikia salamu zake, lakini hawakumkaribisha barazani.

Shule ilimpa stoo ya majembe iwe darasa lake. Humo aliwaketisha watoto wachache wachache, akawafundisha kusoma tangu mwanzo, herufi kwa herufi. Mvulana mmoja wa darasa la sita, Nzai, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, aliipa stoo ile jina. "Hilo ni darasa la vipofu!" alisema, na watoto wote wakacheka. Muhsina alicheka kuwapita wote.

Siku moja Mwalimu Mwero, mwalimu mkuu, aliagiza kila mwanafunzi wa darasa la sita aende kusoma mbele ya Bi Kanyiva. Muhsina alisimama nje karibu na dirisha, akamsikiliza aliyemtangulia akisoma habari ya mkulima na ng'ombe wake. Zamu yake ilipofika aliingia akiwa na habari yote kichwani.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Haya, nisomee."

Muhsina alisoma vizuri, sauti yake ikipanda na kushuka panapostahili. Bi Kanyiva alimsikiliza. Halafu, bila kusema neno, akafunua ukurasa mwingine mbele kabisa ya kitabu na kusema, "Endelea." Ukurasa huo ulizungumzia uchimbaji wa vyoo. Muhsina aliendelea na habari ya ng'ombe.

Alipomaliza aliondoa kidole kitabuni. Akainua macho, akaona jinsi Bi Kanyiva anavyomtazama, akajua amegunduliwa.

"Muhsina," alisema Bi Kanyiva polepole, "una kichwa ambacho wengi wangetamani kuwa nacho. Umeyashika yote haya kwa kusikia tu?"

Muhsina alikubali kwa kichwa. Machozi yalikuwa karibu.

"Si kosa lako, mwanangu. Ulikosa msingi, na hakuna aliyesimama akakuona. Njoo kwangu Jumatatu na Jumatano. Kabla mwaka huu haujaisha, utasoma."

"Nitakuja," alisema Muhsina kwa sauti ndogo.

Hakwenda. Jumatatu ilipofika alifika hadi pembeni mwa stoo, akamwona Nzai amekaa juu ya mzizi wa mkorosho akiwahesabu wanaoingia, akageuka akaenda zake. Jumatano alisema ana maji ya kuchota. Wiki iliyofuata alisema mama yake anamhitaji. Bi Kanyiva hakumkaripia. Alisema tu, "Basi Ijumaa nitapita kwenu nizungumze na mama. Labda tutapata njia."

Muhsina alirudi nyumbani siku hiyo akiwa kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua. Aliwaza jinsi mama yake atakavyokaa pale barazani na kuambiwa kwamba msomi wake hajui hata herufi. Aliwaza majirani. Aliwaza baba yake huko Vanga, magunia mgongoni. Jioni, alipokuwa akimpa mama makuti ya kushona, maneno yalimtoka kabla hajayapima.

"Mama, yule mwanamke wa bara anataka kuja hapa."

"Akaribie. Ana nini?"

"Mama... mimi simtaki. Anawafundisha watoto nyimbo za kanisani. Kule stoo. Anawaambia wafuate dini yake."

Mikono ya Asiya ilisimama. "Ewe Muhsina! Una hakika na hayo unayoyasema?"

"Nimesikia kwa masikio yangu, mama."

Asiya hakuwa mtu wa fitina. Lakini siku zile watu wa bara na watu wa pwani walikuwa wakitazamana kwa pembe ya jicho, na neno kama hilo lilikuwa cheche juu ya makuti makavu. Asubuhi alimweleza jirani yake kisimani. Kufikia Ijumaa kijiji kizima kilikuwa na habari. Wazazi walikwenda shuleni kwa hasira, wakamwambia Mwalimu Mwero kwamba mwanamke yule asipoondolewa watawaondoa watoto wao. Bi Kanyiva aliitwa. Alisema hajafundisha wimbo wowote, wa kanisani wala wa nje ya kanisa. Hakuna aliyemsikiliza. Mwalimu Mwero, akiogopa shule isije ikabaki tupu, akaifunga stoo.

Jumatatu iliyofuata Muhsina alimwona mtoto wa darasa la tatu aitwaye Rai amesimama mbele ya mlango uliofungwa, kipande cha chaki mkononi. Rai alikuwa ameanza kuandika jina lake. Alingoja hadi jua likaelekea kuchwa, kisha akaiweka chaki mfukoni na kwenda zake. Muhsina alitamani ardhi impasukie. Lakini alinyamaza. Uongo ukishatoka mdomoni ni kama maji yaliyomwagika; mwenye kuyazoa hajui aanzie wapi.

Mwezi ule ule homa ilibisha hodi kwao. Tofiki, ambaye alikuwa na miaka mitatu na hakujua kutulia, alilala mkekani bila kutaka hata uji. Mwili wake ulichoma kama kaango. Asiya alimfunga mgongoni kwa leso, akaenda naye zahanati. Foleni ilizunguka jengo. Alasiri ndipo alipofika dirishani, na mtoa dawa, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu, alimpa chupa ya dawa ya malaria.

"Maelezo yameandikwa kwenye chupa, mama. Nyumbani yuko ajuaye kusoma?"

"Yuko!" alijibu Asiya, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Binti yangu yuko darasa la sita."

Alipofika nyumbani alimkabidhi Muhsina chupa. "Haya, msomi wetu, tusomee. Tumpe vipi?"

Muhsina aliishika chupa. Juu yake palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Maneno yalijipanga kama siafu. Katikati yake alitambua vitu viwili tu: tarakimu 1 na tarakimu 3.

Mwalimu Mwero hakuishi mbali. Angeweza kukimbia kwake. Angeweza kusema, "Mama, sijui." Ni maneno mawili tu. Lakini mama alikuwa amemwelekezea uso wake uliojaa imani, na maneno yale mawili yalikuwa mazito kuliko jiwe la kusagia.

"Kijiko kimoja," alisema Muhsina. "Mara tatu kwa siku."

"Mwenyezi Mungu akubariki, mwanangu," alisema Asiya, akachukua kijiko.

Tofiki alikunywa alasiri ile, akanywa tena usiku. Asubuhi alipewa kijiko kingine, akatapika. Asiya alimpangusa, akasema, "Ndiyo malaria inatoka," akampa tena mchana. Muhsina alipokuwa shuleni hakusikia hata neno moja la mwalimu. Alijiambia huenda alibahatisha sawa. Alijiambia dawa ni dawa, haiwezi kumdhuru mtoto. Aliporudi nyumbani Tofiki alikuwa amelegea, hataki kumtazama mtu, na mama tayari alikuwa ameshika kijiko.

"Mama, labda tumwache apumzike," alisema Muhsina.

"Si wewe uliyesoma mara tatu? Asipomaliza dawa hatapona."

Muhsina alichukua ndoo. Akaenda kisimani.

Siku iliyofuata, jua likiwa limeanza kukaza, Tofiki alianza kutetemeka. Mwili ulikakamaa, macho yakapanda juu yakabaki meupe. Asiya alipiga yowe lililowatoa majirani mashambani. Mzee Dzombo, jirani yao, alileta baiskeli yake, akampakia Asiya na mtoto nyuma, akakanyaga kuelekea barabarani. Muhsina aliwafuata mbio, miguu mitupu, akijikwaa na kuinuka. Barabarani lori la mchanga lilisimama, likawabeba hadi hospitali kubwa.

Wodi ya watoto ilikuwa imejaa pomoni. Kila kitanda kilikuwa na watoto wawili, wengine watatu, na akina mama waliketi chini sakafuni wakiwapepea kwa pembe za leso. Hapa mtoto alilia. Pale mama alilia bila sauti. Kwenye kona moja kitanda kilikuwa kikitandikwa upya, na mama mmoja alikuwa akiongozwa nje na dada zake. Muhsina aliona, akaelewa, akashika nguzo ya kitanda cha Tofiki.

Daktari alikuja haraka, akamsikiliza Tofiki kifua, akamfunua macho. "Amepewa dawa yoyote?"

Asiya alitoa chupa kutoka kwenye pindo la leso. Daktari aliisoma. "Amepewa kama ilivyoandikwa?"

"Kama ilivyoandikwa, daktari. Binti yangu ndiye aliyenisomea."

"Basi malaria yenyewe imeishinda dawa hii, imempanda kichwani," alisema daktari. Akamgeukia muuguzi. "Tayarisha sindano ya ile dawa kali ya malaria. Haraka."

Muuguzi aliondoka. Hakuna aliyekuwa akimtazama Muhsina. Hakuna aliyejua. Akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Muuguzi alirudi na sindano ndani ya kisahani, daktari akaushika mkono wa Tofiki, mkono mdogo uliozoea kumvuta Muhsina nywele.

"Daktari, usimdunge!"

Watu waligeuka. Asiya alisema, "Muhsina, adabu!"

"Haikuandikwa vile," alisema Muhsina, na sasa maneno yalimtoka pamoja na kilio. "Mimi sikuisoma. Nilibuni. Nilisema mara tatu kwa siku. Sijui imeandikwa nini, daktari. Mimi sijui kusoma."

Daktari aliurudisha mkono wa Tofiki kitandani. "Imeandikwa kijiko kimoja kwa siku, kwa siku tatu," alisema. "Nyinyi mmempa vijiko vingapi?"

Alihesabu kwa vidole, Muhsina akijibu, uso wake umelowa. Daktari alimrudishia muuguzi sindano ile na kuagiza vitu vingine kabisa. Walimwekea Tofiki maji ya mshipa, wakampa dawa ya kuzuia degedege, muuguzi akakaa kando yake akimpima moyo mara kwa mara. Kabla ya kwenda kwa mgonjwa mwingine, daktari alimwinamia Muhsina.

"Ningemdunga juu ya ile aliyokwisha kunywa, moyo wake ungesimama," alisema. "Ulikosea sana. Lakini umesema kwa wakati." Hakutabasamu. Alikwenda.

Asiya alimgeuzia mgongo. Hilo ndilo lililomuumiza Muhsina kuliko kipigo. Mama alikaa sakafuni akikitazama kitanda, na Muhsina alipomsogelea, mama alijisogeza kando kidogo tu, kama mtu anayempisha mwingine apite. Siku ikapita, na nyingine ikapita. Suleiman alifika kutoka Vanga, akasimama mlangoni mwa wodi na kofia yake mkononi. Alipoelezwa yaliyotokea alikaa chini, akaufunika uso kwa viganja.

"Nilikuwa nikibeba magunia," alisema, "nikijiambia, si kitu, nina mwana anayesoma."

Kisha akainuka, akaenda kumpepea Tofiki kwa kofia yake.

Tofiki alifungua macho siku ya tatu. Aliomba maji. Wodi nzima ilisema "Alhamdulillahi", hata akina mama ambao watoto wao walikuwa bado hawajafumbua macho. Lakini alipojaribu kusimama, mguu wake wa kushoto haukumtii. Aliuburuta kama kitu kisicho chake. Daktari alisema homa na degedege huacha alama. "Huenda mguu utarudi. Huenda usirudi wote. Tutamwombea, na nyinyi mtamfanyisha mazoezi."

Alasiri ile Muhsina alimkuta mama yake uani akifua leso. Akapiga magoti kwenye saruji.

"Mama, kuna jingine."

Asiya alisimamisha mikono majini.

"Bi Kanyiva hakufundisha nyimbo za kanisani. Aligundua kwamba sijui kusoma. Alitaka kuja kukwambia. Nikaogopa, nikamzulia."

Asiya aliikamua leso, akaikung'uta. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka hadi mifupani. "Na mimi nikayachukua nikayapeleka kisimani. Nilimchafua mtu kwa mdomo wangu, Muhsina, mja wa Mungu asiyenikosea. Ulinipa uongo nami nikaugawa kama halua ya harusi." Alimtazama bintiye usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Nimekukasirikia, na hasira hizo bado ninazo. Lakini inuka. Tuna kazi ya kufanya sote wawili."

Tofiki aliporuhusiwa kutoka, Asiya alimwomba Mwalimu Mwero awaite wazazi shuleni. Walikuja wengi, wakidhani watapewa habari za chakula cha msaada. Asiya alisimama mbele yao, Tofiki mgongoni, mguu mmoja ukining'inia. Alieleza kosa lake la kueneza asichokiona. Kisha akamsukuma Muhsina mbele, taratibu.

Muhsina aliona nyuso zote. Alimwona Nzai dirishani.

"Mimi sijui kusoma," alisema. "Bi Kanyiva alitaka kunifundisha, nikamsingizia. Hakutufundisha dini yake. Alifundisha herufi. Watoto wenu wamekosa kusoma kwa sababu yangu, na mdogo wangu alikaribia kufa kwa sababu yangu. Nisameheni."

Mzee mmoja aliguna, akasema mtoto asiyechapwa haachi uongo. Mama mmoja aliondoka bila kuaga. Lakini mama yake Rai alisimama. "Mwanangu alikuwa ameanza kuandika jina lake," alisema. "Mimi nataka ile stoo ifunguliwe." Wengine wakaitikia, mmoja, kisha wawili, na mwishowe Mwalimu Mwero akasema, "Basi twende tukamwombe mwenyewe, kama bado yupo."

Alikuwepo, lakini kidogo wangemkosa. Walimkuta Bi Kanyiva nyumbani kwake anafunga mizigo. Sufuria zilikuwa ndani ya gunia, jembe limeondolewa mpini. Alikuwa amekata shauri kumfuata mumewe Kitui. Aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni, wala hakuwakaribisha ndani.

"Kwa wiki kadhaa nimepita katika njia zenu," alisema. "Watu waliokuwa wakinisalimu waligeuza nyuso. Watoto niliowashika mikono kuandika walikimbia waliponiona. Mnajua hilo linavyochoma?"

"Tunajua sasa," alisema Asiya. "Hatuna cha kukulipa, dada yangu. Tumekuja kukuomba radhi tu."

Bi Kanyiva alimtazama Tofiki, akautazama na ule mguu. Macho yake yalilainika, ingawa mdomo haukulainika. "Nitakaa hadi mwisho wa mwaka," alisema mwishowe. "Si kwa ajili ya wakubwa. Kwa ajili ya watoto. Baada ya hapo sijui."

Kisha akamwinamia Muhsina. "Na wewe, mwanangu, sikiliza, ulishike neno hili. Kutojua kusoma hakukuwa aibu yako. Ulikuwa ugonjwa, na dawa yake ilikuwepo. Lakini uliuficha, na wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Safari hii kifo kilikaribia kumchukua asiyeficha kitu. Usiyoyajua, sema huyajui. Maneno hayo hayajamuua mtu. Kujidai ndiko kunakoua. Na ukisema uongo ili ujifunike wewe, jua kwamba nguo hiyo umemvua mwingine."

"Nimesikia, bi," alisema Muhsina.

Jumatatu alasiri stoo ilifunguliwa. Watoto hawakurudi wote, na kulikuwa na nafasi tupu kwenye mabenchi. Muhsina aliingia mlango ukiwa wazi, mbele ya wenzake wote wa darasa la sita waliokuwa uwanjani. Alikaa benchi la mbele, kando ya Rai, magoti yake marefu yakigota ubao wa meza. Mtu mmoja nje alicheka. Muhsina alisikia, lakini hakuinuka.

Bi Kanyiva aliandika herufi moja ubaoni, kubwa, akamgeukia.

"Hii ni nini, Muhsina?"

Muhsina aliitazama. Hakukuwa na mtu wa kumsikiliza kwanza, wala habari iliyokuwa tayari kichwani.

"Sijui, bi," alisema.

"Vizuri," alisema Bi Kanyiva. "Tuanze hapo."